Nyumba za mkopo na Pato la Taifa: majibu kwa wasomaji

Mwezi uliopita tuliandika kwa ufupi kwamba deni lote la mikopo ya nyumba Tanzania halifiki asilimia 1 ya Pato la Taifa, wakati Kenya ni kama asilimia 2 na Uingereza ni zaidi ya 60. Barua zikamiminika. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu wahariri, kila benki ikizindua mkopo mpya wa nyumba, viongozi wanasema hatua hiyo itakuza uchumi. Mimi nikikopa shilingi milioni 60 nikanunua nyumba iliyokwisha jengwa, uchumi umekua kwa milioni 60? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Pato la Taifa linapima kilichozalishwa ndani ya kipindi husika. Nyumba iliyojengwa mwaka 2009 ilihesabiwa mwaka 2009. Ukiinunua leo, kinachoingia kwenye hesabu ni huduma zilizotolewa leo: ada ya dalali, ya wakili, ya mthamini, na kile benki inachopata kwa kukukopesha. Milioni 60 zenyewe zimehama mkono tu. Kiwanja kitupu ni hivyo hivyo, kwa sababu ardhi haikuzalishwa na mtu.

Ukikopa kujenga, mambo yanabadilika. Kazi ya fundi, saruji, kokoto, mabati na usafiri wake vinaingia kwenye uwekezaji wa rasilimali za kudumu, kisha vinaondolewa vilivyoagizwa nje. Hapa Tanzania ina nafuu kubwa kuliko miaka ishirini iliyopita. Saruji inatoka Wazo Hill, Tanga, Mtwara na Mbeya, na vigae vya sakafu vinatengenezwa Mkuranga na Chalinze. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu huacha sehemu kubwa ya fedha yake ndani ya nchi. Ghorofa la vioo, lifti na viyoyozi huipeleka sehemu kubwa nje, hata kama mkopo ni wa benki ile ile.

Nyumba ikikamilika inaanza kuzalisha kitu kingine: huduma ya makazi. Ukiipangisha, kodi inahesabiwa. Ukiishi mwenyewe, wataalamu wa takwimu hukadiria kodi ambayo ungelipa na kuiingiza pia. Kwa hiyo nyumba mpya huongeza pato mara mbili: kwa kishindo wakati wa ujenzi, halafu kidogo kidogo kila mwaka kwa miongo kadhaa.

Tukirudi kwenye nyumba yako ya kununua: mfuate muuzaji. Benki imemlipa milioni 60. Akijenga nyingine Ihumwa au akiongeza mashine kwenye karakana yake, mkopo wako umezalisha kupitia mkono wa pili. Akinunua kiwanja kingine akakizungushia uzio na kusubiri kipande bei, mkopo wako umepandisha bei ya viwanja, na vijana wanaoanza maisha wameumia. Ndiyo maana tunaona jumla moja ya deni la nyumba haitoshi kumwongoza mtunga sera. Anahitaji mafungu matatu: mikopo ya kujenga, ya kununua nyumba iliyopo, na ya kununua ardhi. Fungu la kwanza ndilo la kushangiliwa.

Shikamooni. Ninaandika tasnifu ya uzamili. Nimechukua salio la mikopo ya nyumba na Pato la Taifa kwa kila robo mwaka, nikapata uhusiano mkubwa sana na chanya. Msimamizi wangu anasema haujathibitisha kitu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi, na kasoro za kazi yako zinarekebishika.

Kwanza, umelinganisha salio na mtiririko. Salio la deni ni mkusanyiko wa miaka yote; Pato la Taifa ni la robo mwaka moja. Tumia badiliko la salio, yaani mikopo mipya ukiondoa marejesho. Kisha ondoa mfumuko wa bei pande zote mbili, maana vitu viwili vinavyopanda bei pamoja vitaonekana ndugu hata kama havijuani. Angalia pia mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine. Tanzania ilihama kutoka 2007 kwenda 2015, na Kenya ilihamia 2016 katika marekebisho ya mwaka 2021. Ukiunga mifululizo miwili ya takwimu bila kuioanisha utapata mruko ambao haukutokea sokoni, na kompyuta yako itautafutia sababu.

Pili, mifululizo yote miwili inapanda kwa miaka. Hata idadi ya bodaboda ingekupa uhusiano huo huo. Pima kama mfululizo una mwelekeo wa kudumu. Ukiwa nao, fanya kazi na viwango vya ukuaji, au pima kama mifululizo hiyo inarudi pamoja kila inapoachana. Usiweke vichelewesho vingi, yaani takwimu za robo zilizotangulia. Soko la mikopo ya nyumba la Tanzania limeanza kuwa na takwimu za maana baada ya TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, kuanzishwa mwaka 2010, kwa hiyo una robo mwaka sitini hivi. Kila kichelewesho unachoongeza kinakula sehemu ya hizo.

Tatu, na hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibikia: usitumie sekta ya ujenzi kama kipimo cha nyumba. Ujenzi Tanzania ni takriban asilimia 13 ya Pato la Taifa, lakini humo ndani kuna reli ya kisasa, bwawa la Julius Nyerere, barabara na madaraja. Hizo ni fedha za umma. Ukizichanganya utaisifu mikopo ya nyumba kwa kazi ya treni. Tafuta vibali vya ujenzi wa makazi kutoka halmashauri, hata kama ni za majiji machache tu.

Kuhusu mwelekeo wa sababu, jiulize muda. Nyumba inayojengwa kwa mkopo huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Matokeo yako yakionyesha kwamba mkopo wa robo hii unakuza pato la robo hii hii, basi huenda ni uchumi unaovuta mkopo: mishahara imepanda, watu wamepata ujasiri, benki zimelegeza masharti. Ingiza riba ya mikopo kwenye mlinganyo ili kuona kinachobaki.

Kwa sura ya mapitio ya tafiti, kuna mambo mawili yasiyokosekana. Wachumi waliofuatilia benki za nchi 17 zilizoendelea tangu 1870 walikuta fungu la mikopo ya nyumba limetoka karibu theluthi moja ya mikopo yote mwanzoni mwa karne ya 20 hadi karibu asilimia 60, na kwamba mdororo unaofuata wimbi la mikopo ya nyumba huwa mzito na hupona polepole. Wengine, katika andiko la Shirika la Fedha la Kimataifa la mwaka 2012, walionyesha kwamba faida ya mikopo kwa ukuaji hufifia pale mikopo ya sekta binafsi inapokaribia asilimia 100 ya Pato la Taifa. Tanzania iko chini ya 20. Kwa hiyo matokeo ya nchi tajiri usiyahamishe mazima: wao wanauliza kama wamezidisha, sisi bado tunauliza kama tumeanza.

Wahariri, hapa Kenya benki zinatangaza faida kubwa kila mwaka, lakini mwalimu au muuguzi akiomba mkopo wa nyumba anazungushwa. Pesa zinaenda wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kiasi kikubwa kinaenda kwa serikali, na hesabu ya benki katika jambo hilo si ngumu kuielewa. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Hati hiyo haihitaji mthamini, wakili wala dalali wa mnada, na kwa kanuni za mtaji inahesabika haina hatari, hivyo benki haitengi mtaji kwa ajili yake. Ofisa wa mikopo atamshawishi vipi bosi wake ampe muuguzi fedha hizo kwa asilimia 15, miaka ishirini, na uwezekano wa kwenda mahakamani?

Kuna tatizo la pili, la muda. Amana za wateja wa kawaida zinaweza kuondolewa leo au baada ya miezi mitatu, nao mkopo wa nyumba unarudi kwa miaka 15 hadi 25. Benki inayofanya hivyo bila kinga inaweza kukaukiwa fedha ingawa mikopo yake yote inalipwa vizuri. Kampuni ya KMRC, iliyoundwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu 2020, ipo kwa ajili ya pengo hilo: inakusanya fedha za muda mrefu, inazikopesha benki na sako (vyama vya akiba na mikopo) kwa asilimia 5, nazo zinamkopesha mwananchi kwa riba ya tarakimu moja. TMRC ya Tanzania inafanya kazi ya namna hiyo. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayomkopesha mwananchi moja kwa moja. Anayekuambia umlipe "ada ya kuingia TMRC" ni tapeli.

Halafu kuna kipato. Mwisho wa 2023 akaunti za mikopo ya nyumba Kenya zilikuwa kama 30,000 tu, na mkopo wa wastani ulikuwa kama shilingi milioni 9 za Kenya. Chukua milioni 9 kwa asilimia 14, miaka 15: rejesho ni karibu 120,000 kwa mwezi. Benki ikitaka rejesho lisizidi theluthi ya kipato, mkopaji awe na 360,000 kila mwezi. Sasa chukua milioni 4 kwa asilimia 9, miaka 20: rejesho ni 36,000. Huyo wa pili anaweza kuwa muuguzi wako, mradi apate nyumba ya milioni 4. Nyumba hiyo haipatikani kirahisi Nyali au Kilimani, na riba peke yake haiwezi kuileta. Viwanja vyenye maji na barabara ndivyo vinavyoileta.

Je, ukomo wa riba, yaani sheria ya kuzuia benki zisitoze riba kupita kiwango fulani, ulisaidia? Kenya iliujaribu kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019. Riba ya kwenye karatasi ilishuka, benki zikawakopesha wachache walio salama zaidi na kununua hati za serikali. Wenye kipato kidogo ndio waliofungiwa mlango.

Lakini tusiseme fedha zilizoenda serikalini zimepotea. Zikijenga barabara ya lami hadi kwenye viwanja vipya, zimekuza uchumi na zimeshusha gharama ya nyumba pia. Zikilipa madeni ya zamani, hapo ndipo muuguzi anapokuwa na haki ya kulalamika.

Nimeruhusiwa mkopo wa milioni 60 kwa asilimia 17. Benki inanishauri nichukue miaka 20 badala ya 15 ili rejesho lipungue. Nikubali? (Mfanyabiashara, Mwanza)

Tazama tarakimu kabla ya kusaini. Kwa riba ya salio linalopungua, miaka 15 rejesho ni karibu shilingi 923,000 kwa mwezi na jumla utalipa kama milioni 166. Miaka 20 rejesho ni 880,000 na jumla inafika milioni 211. Umepunguziwa 43,000 kwa mwezi, ukaongezewa milioni 45. Riba ikiwa juu, kurefusha muda hakusaidii sana, kwa sababu mwezi wa kwanza riba peke yake ni 850,000. Hakuna muda wowote utakaoshusha rejesho chini ya hapo. Riba ingekuwa asilimia 10, ungelipa 645,000 kwa miaka 15 au 579,000 kwa miaka 20, na hapo muda ungekuwa na maana zaidi.

Kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hupanda na kushuka, ipo njia ya kati. Chukua miaka 20, lakini lipa 923,000 kila mwezi unaopata. Utamaliza kwa miaka 15 kama yule mwingine, na mwezi mbaya ukija una ruhusa ya kulipa 880,000 bila kuvunja mkataba. Njia hii inafaa tu kama mkataba unasema malipo ya ziada yanapunguza mtaji mara moja na hayatozwi faini. Soma kifungu hicho mwenyewe. Neno la ofisa wa mezani halitoshi.

Uliza pia kama riba inaelea. Ikipanda hadi asilimia 19 mwanzoni mwa mkopo wa miaka 15, rejesho linakuwa kama 1,010,000. Benki Kuu ya Tanzania inatumia riba ya sera (riba elekezi kwa benki) tangu Januari 2024, na benki nyingine zinaandika mikataba inayoruhusu kufuata mabadiliko ya soko. Kwa uchumi mzima hesabu hii ina uzito wake: kila laki inayohama kutoka mfukoni mwako kwenda kwenye riba ni laki ambayo haikununua mchele wala haikulipa mshona nguo wa Kirumba. Mkopo wa nyumba wenye riba ya asilimia 17 hujenga mara moja na kubana matumizi kwa miaka kumi na tano. Ndiyo maana sisi tunaona kushusha riba kuna faida kwa ukuaji kuliko kurefusha muda.

Ninajenga Kibaha kidogo kidogo kwa mkopo wa mshahara. Rafiki yangu anasema mkopo kama wangu hauhesabiwi kwenye mikopo ya nyumba. Na je, ni ghali kuliko mkopo wa nyumba wenyewe? (Mwalimu, Pwani)

Rafiki yako kasema kweli. Kwenye vitabu vya benki wewe una mkopo binafsi, na katika mgawanyo wa mikopo wa Benki Kuu mikopo binafsi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko sekta yoyote. Ndani yake kuna tofali nyingi. Nyumba yako itahesabiwa kwenye Pato la Taifa kama ujenzi, ila mkopo ulioijenga hauonekani kwenye safu ya nyumba. Hii ni sababu mojawapo kwa nini takwimu ile ya chini ya asilimia 1 inaonyesha udogo wa mikopo ya rehani, haionyeshi udogo wa ujenzi.

Kuhusu bei, angalia aina ya riba. Mkopo wa milioni 20 kwa "asilimia 12 fleti", miaka 5: riba ni milioni 12, jumla 32, rejesho 533,000. Unatozwa riba ya milioni 20 hadi mwezi wa mwisho, wakati umekwisha rudisha karibu zote. Ukigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, ni kama asilimia 20. Kama ingekuwa 12 ya kweli, rejesho lingekuwa 445,000. Omba jedwali la marejesho lenye safu ya mtaji na safu ya riba kwa kila mwezi. Riba ikiwa ile ile kuanzia mstari wa kwanza hadi wa 60, hiyo ni fleti, jina lolote watakaloipa.

Hasara kubwa ya kujenga kwa vipande ni muda. Kuta zilizosimama kwenye lenta miaka sita zimekwisha kula fedha yako na hazikupi makazi, huku unalipa kodi ya nyumba unakoishi. Nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu, mvua inakula tofali za juu. Kwa hiyo usikope ili "kusogeza". Kopa kufikia hatua ya kuhamia: vyumba viwili, choo, paa, milango na madirisha ya sehemu hiyo, umeme na maji. Kiwanja, msingi na tofali jitahidi kwa akiba, maana havikuokolei kodi ya pango hata mwezi mmoja.

Ukifika wakati wa kuomba mkopo wa ujenzi wenye rehani, benki hutoa fedha kwa awamu: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, umaliziaji. Kila awamu inakaguliwa kabla ya inayofuata, na unalipa riba kwa kiasi ulichokwisha chukua tu. Kinachokwamisha kazi nyingi ni makadirio. Yanaandaliwa Januari, awamu ya paa inatoka Oktoba, mbao na mabati yamepanda, benki haiongezi hata senti. Weka fungu la dharura la asilimia 10 hadi 15 ndani ya makadirio tangu mwanzo, na usimlipe fundi awamu nzima kabla kazi haijakaguliwa.

Nina leseni ya makazi Temeke. Benki moja imenikopesha milioni 5, nyingine imekataa kabisa. Kwa nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na inahitaji kuhuishwa, nayo benki haitaki dhamana inayokwisha kabla ya mkopo. Wanaokubali hutoa kidogo na kwa miaka michache. Upimaji shirikishi wa mtaa ukifika kwenu, lipia upate hati. Hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 ndiyo inayofungua mkopo wa miaka mingi. Wenye hati za kimila vijijini wanakwama kwa sababu nyingine: benki inaogopa kwamba kwenye mnada hatapatikana mnunuzi ambaye kijiji kitamkubali.

Mikopo ya nyumba imeziangusha nchi kubwa kama Uhispania na sasa China inayumba. Kwa nini tuitake? Na kampuni za hapa zinazouza nyumba "kwenye ramani" ni salama? (Msomaji, Nairobi)

Ukiangalia nani hasa aliyeshindwa kulipa Uhispania, utaona tofauti yenye mafunzo. Mwaka 2006 nchi hiyo ilianzisha ujenzi wa nyumba zaidi ya 700,000. Bei zilipogeuka, familia nyingi ziliendelea kulipa mikopo yao kwa shida. Iliyoziangusha benki ni mikopo ya waendelezaji, yaani kampuni zinazojenga nyumba za kuuza, hasa waliokopa kununua ardhi ili kujenga baadaye. Ukosefu wa ajira ulitoka kama asilimia 8 mwaka 2007 hadi karibu 27 mwanzoni mwa 2013. Mwaka 2012 iliundwa taasisi ya Sareb kubeba mali zilizokwama, na Ulaya ikatoa takriban yuro bilioni 41 kuzinusuru benki. Uchumi uliokuwa ukikua kwa ujenzi ulikuwa umewafundisha vijana kazi moja, na kazi hiyo ilipokwisha haikuwepo nyingine ya kuwapokea.

China tatizo lilipitia mlango mwingine. Waendelezaji waliuza nyumba kabla ya kuzijenga, wakatumia fedha za wanunuzi wa mradi huu kununua ardhi ya mradi ujao. Agosti 2020 serikali iliweka mipaka ya madeni yao. Evergrande, mmoja wa waendelezaji wakubwa, ilishindwa kulipa mwishoni mwa 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Katikati, Julai 2022, wanunuzi katika miji mingi waligoma kulipa mikopo ya nyumba ambazo hazikumalizika.

Afrika Mashariki haina deni la kufikia huko, lakini mbinu ya kuuza kwenye ramani tunayo. Kabla ya kulipa, fanya upekuzi wa ardhi uone kama kiwanja ni cha kampuni au tayari kimewekwa rehani benki. Kama kimewekwa rehani, dai barua ya benki inayokubali kuachilia sehemu yako ukimaliza kulipa; bila barua hiyo, kampuni ikishindwa, benki inakutangulia. Dai fedha zako zikae kwenye akaunti ya amana inayosimamiwa na mtu wa tatu na zitoke kwa hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mkadiriaji majenzi. Kampuni inayokupa punguzo kubwa ukilipa taslimu yote leo inakopa kwako kwa sababu benki imekataa kuikopesha. Hilo likutoshe kusita.

Kwa mtunga sera, dawa haikuwa kuacha mikopo. Ni kuweka ukomo wa mkopo dhidi ya thamani ya nyumba, kuizuia benki isijilimbikizie waendelezaji wachache, na kubana mikopo ya ardhi tupu mapema, kabla bei hazijapaa. Tanzania ina kumbukumbu yake pia: Benki ya Nyumba iliyofanya kazi kuanzia 1973 ilifungwa 1995, na kwa miaka mingi iliyofuata nchi ikabaki bila mkopeshaji wa nyumba wa maana. Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 ndiyo iliyofungua tena mlango.

Benki imetaka sahihi ya mke wangu ingawa hati ina jina langu peke yangu. Ni haki yao? Na nikishindwa kulipa, wananiuzia kesho yake? (Mzee, Arusha)

Mzee wetu, ni haki, tena ni lazima. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 114, inasema rehani juu ya nyumba ya familia haisimami bila ridhaa ya mwenzi, na kama ni zaidi ya mmoja, wote. Wapo wanaoapa kwamba hawajaoa ili wapite haraka. Mke akienda mahakamani mnada unasimama kwa miaka, na benki nyingine zote zinajifunza kuongeza riba na masharti. Hapo ndipo kiapo cha uongo cha mtu mmoja kinapogharimu soko zima.

Hawakuuzii kesho yake. Tanzania unapewa notisi ya siku 60 ya kurekebisha kasoro. Kenya ni ndefu zaidi: siku 90 za notisi ya deni, 40 za kusudio la kuuza, kisha 45 za dalali. Ndani ya muda huo nenda benki kwa maandishi, omba kupangiwa upya marejesho, na leta mnunuzi wako mwenyewe kama unaye. Nyumba iliyouzwa kwa hiari hupata bei nzuri kuliko ya mnada. Nchi zote mbili zina kinga nyingine: nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia kwamba aliyeuza hakutimiza wajibu wa kutafuta bei bora, na yeye ndiye atakayetakiwa kujitetea. Kwa hiyo tunza ripoti ya uthamini uliyolipia wakati wa kukopa, na ukiona mnada unakuja, tafuta uthamini mpya mapema.

Ukimaliza kulipa, usiridhike na kurudishiwa hati. Dai hati ya kufuta rehani iliyosainiwa na benki, ipeleke kwa Msajili wa Hati, kisha baada ya wiki chache fanya upekuzi uone kama daftari limesafishwa. Wengi hugundua rehani ya zamani bado imesajiliwa siku wanapotaka kumwandikisha mtoto urithi au kukopa tena, na tawi lililowakopesha limekwisha unganishwa na benki nyingine.